Kompyuta Iliyogoma Baada ya Kuongezewa Kifaa

(Maelezo haya yalisomwa kwanza redioni katika mazungumzo ya wiki.)

Ndugu msikilizaji, yako maneno mawili ambayo mwenye kompyuta ya nyumbani huogopa kuyasikia kwa fundi: "Madabodi imekufa." Maneno hayo hutamkwa upesi, pengine hata kabla kifuniko hakijafunguliwa, na gharama yake si ndogo, maana bodi kuu ikishahukumiwa kuwa imekufa, mashine nzima imehukumiwa pamoja nayo. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya hali moja ambayo hukumu hiyo hutolewa sana, na mara nyingi huwa si ya haki. Ni hali ya kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi vizuri asubuhi, mchana ikaongezewa kifaa, na jioni ikakataa kuwaka.

Jambo hili limekuwa la kawaida mijini kwetu. Mashine zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya na Marekani huuzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam, Luthuli Avenue kule Nairobi, na kwingineko. Mnunuzi huichukua mashine hiyo kwa bei anayoiweza, kisha polepole huiongezea nguvu: leo kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita ramu, kesho diski ya kisasa isiyozunguka, yaani SSD, keshokutwa kadi ya picha kwa ajili ya vijana wanaopenda michezo. Tena tangu Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wamezifungua mashine zao wakitaka kuzihuisha. (Niseme hapa kwa kifupi kwamba kuongeza ramu na SSD hakuifanyi kompyuta ya zamani ikubalike kwa Windows 11. Toleo hilo linadai pia kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha yao, na mashine nyingi za mtumba hazimo. Lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.)

Sasa, fundi mwenye busara huanza wapi? Huanza na swali ambalo daktari naye huliuliza: "Ulikula nini kabla ya kuumwa?" Bodi kuu iliyofanya kazi kwa miaka minane haina sababu ya kuchagua kufa katika saa ileile uliyoingiza ramu mpya. Inawezekana, lakini ni nadra. Wa kwanza kushukiwa ni kile kifaa kipya. Wa pili ni mkono ulioingia ndani, kwa sababu mkono huo umesogeza waya, umegusa kifaa kingine, umelegeza kitu ambacho haukukusudia kukigusa. Wa tatu ni mapatano kati ya kifaa kipya na mashine ya zamani. Bodi kuu yenyewe ni ya mwisho kabisa katika orodha hiyo.

Ili tuelewane vizuri, hebu tufuate safari ya kompyuta tangu unapobonyeza kitufe. Kwanza pawa saplai hupokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3. Umeme huo ukishatulia, prosesa huamka na kusoma programu fupi iliyohifadhiwa ndani ya bodi kuu, ambayo kwa desturi huitwa bayosi. Katika mashine za miaka ya karibuni imerithiwa na nyingine iitwayo UEFI, ingawa watu wengi wanaendelea kutumia jina la zamani. Programu hiyo hukagua nyumba: je, ramu ipo, kadi ya picha ipo, kibodi ipo? Ikiridhika, huwasha kioo na kukuonyesha nembo ya kampuni. Kisha hutafuta diski yenye mfumo, iwe Windows au Linux, na kuukabidhi mfumo huo usukani. Utaratibu huu wa ukaguzi ulikuwamo tangu kompyuta ya IBM iliyotolewa mwezi Agosti 1981, na mlio mmoja mfupi uliomaanisha "salama" umerithiwa na mashine nyingi zilizofuata.

Kwa hiyo mtu akisema "kompyuta haiwaki," bado hajasema kitu. Lazima tujue safari imekatikia wapi. Kuna mashine isiyotoa hata mvumo wa feni. Kuna inayozungusha feni na kuwasha taa huku kioo kikibaki cheusi. Kuna inayoonyesha nembo na maandishi, lakini inakwama kwa kudai kwamba haioni diski ya kuanzia. Magonjwa hayo ni matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

La kwanza, mashine iliyo kimya kabisa, halitatuchukua muda. Tazama swichi ndogo nyuma ya pawa saplai. Wengi huizima wanapofungua mashine kisha wakaisahau. Tazama kiunganishi kikubwa kinachoingia kwenye bodi kuu, na kile kidogo chenye miguu minne au minane kinachoilisha prosesa, ambacho husahaulika zaidi ya vyote. Tazama pia vile viwaya vyembamba vinavyotoka kwenye kitufe cha mbele, kwani vikichomoka kitufe kinabaki pambo tu. Na kama kilichobadilishwa ni pawa saplai yenyewe, hasa ya zamani iliyotoka Marekani, angalia kabla ya kuchomeka kama ina swichi nyekundu ya 115 na 230. Kwetu umeme ni wa volti 230 au 240. Ikiwa imeachwa kwenye 115, utasikia mlipuko, na hapo pawa saplai hiyo huwa haina tena la kufanyiwa.

Ugonjwa wa pili ndio wenye mambo. Feni zinazunguka, taa inawaka, kioo ni giza. Hapa ndipo hukumu ya madabodi hutolewa kwa wingi, na hapa ndipo mara nyingi kosa liko kwenye ramu.

Anza na kukaa kwake. Kipande cha ramu kinahitaji kusukumwa kwa nguvu kuliko mtu mwoga anavyodhani, mpaka vishikio vya pembeni vilie "tak" na kujifunga. Kikibaki kimeinuka kidogo upande mmoja, kompyuta huhesabu kwamba hakipo. Halafu kuna vumbi na uchafu wa vidole kwenye ile mistari ya rangi ya dhahabu. Mafundi wetu huifuta taratibu kwa raba safi ya penseli, kisha hupangusa mabaki, na njia hiyo mara nyingi huleta nafuu. Shika kipande kwa kingo zake, na kabla ya yote chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha gusa bati la kasha ili mwili wako usiwe na chaji.

Baada ya hapo, toa vipande vyote, uache kimoja tu, tena kile cha zamani, katika nafasi yake ileile ya zamani. Washa. Ikiwaka, umekwisha kujua kwamba bodi kuu ni nzima, prosesa ni nzima, kioo ni kizima. Zima, chomoa umeme, ongeza kipande kipya peke yake. Ikigoma, mshitakiwa umempata, na hujatumia hata shilingi.

Lakini kwa nini kipande kipya, kinachofanya kazi dukani, kigome nyumbani? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza fedha. Katika kompyuta, kuingia si kukubaliwa. Ni kweli kwamba ramu ya DDR3 na ya DDR4 haziwezi kubadilishana nafasi, kwani ya kwanza ina miguu 240 na ya pili 288, na pengo la katikati limewekwa mahali tofauti makusudi ili mtu asikosee. Ulinzi huo unaishia hapo. Ndani ya DDR3 yenyewe kuna ya volti 1.5 na kuna ile yenye herufi L, DDR3L, ya volti 1.35. Zinafanana kwa umbo. Kompyuta mpakato nyingi za kuanzia mwaka 2013 hivi zinataka yenye L tu. Ukiweka ile nyingine inaingia vizuri, inajifunga vizuri, na kioo kinabaki cheusi.

Kuna jingine baya zaidi. Katika masoko ya mtumba hupatikana ramu zilizotolewa kwenye mashine kubwa za makampuni, zile zinazoitwa seva. Bei yake huwa ya kuvutia, na ukubwa wake pia: gigabaiti 8 au 16 katika kipande kimoja. Nyingi kati ya hizo ni za aina iitwayo "rejista", zenye kijisehemu cha ziada katikati, na kompyuta ya kawaida ya mezani haiwezi kuzitumia. Kwa macho ya mnunuzi ni DDR3 kama nyingine. Njia ya kujikinga ni kusoma karatasi iliyobandikwa juu yake: ukiona herufi R imefuata kasi ya ramu, kwa mfano 12800R, irudishe kwa muuzaji kabla hujafika nyumbani. Ya kompyuta ya mezani huandikwa 12800U.

Prosesa nazo zina mchezo huohuo. Mwaka 2017 Intel ilitoa kizazi cha nane cha prosesa zake za mezani, zenye idadi ileile ya vituo vya kugusana, 1151, kama vizazi vya sita na saba. Zinaingia katika tundu lilelile, ila bodi za vizazi vya nyuma hazizikubali. Kwa upande wa AMD, bodi za tundu la AM4 hukubali prosesa za miaka mingi, mradi bayosi iwe imefanywa upya kwanza. Ukianza na prosesa mpya kabla ya bayosi mpya, utaangalia giza. Katika hali hiyo inabidi urudishe prosesa ya zamani, ufanye bayosi upya, ndipo ubadilishe.

Kwa kadi ya picha, uliza kwanza swali ambalo wengine huona aibu kuliuliza: waya wa kioo umechomekwa wapi? Ukishaweka kadi mpya, mashine nyingi hupeleka picha huko na kuliacha tundu la zamani la bodi kuu bila kitu. Watu wamebeba kompyuta kwa bajaji mpaka kwa fundi, kumbe waya ulitakiwa uhamishwe sentimita 15 tu kwenda chini. Halafu pima nguvu. Nafasi ambamo kadi huchomekwa hutoa wati 75 basi. Kadi inayohitaji zaidi ina tundu lake la umeme juu, na tundu hilo lisipopewa waya kadi haitoi picha. Zile kompyuta nyembamba za maofisini nyingi zina pawa saplai ya wati 240 hivi, ambayo haikukusudiwa kabisa kulisha kadi ya michezo. Mashine itazungusha feni sekunde moja, itazima, itajaribu tena. Hiyo ni njaa, si kifo.

Na kwa wenye mashine mpya kabisa, zenye ramu ya DDR5, subira ni sehemu ya ufundi. Baada ya kubadilishiwa ramu, mashine hizo hujipima zenyewe mara ya kwanza, na kioo kinaweza kuwa cheusi kwa dakika kadhaa. Mtu asiyejua huzima katikati ya kipimo, huwasha, huzima tena, na kila mara anairudisha mwanzo. Iache ifanye kazi yake, kanywe chai.

Tuje sasa kwenye ugonjwa wa tatu: nembo inaonekana, kisha maandishi ya Kiingereza yanayosema hakuna diski ya kuanzia. Kwanza chomoa flashi iliyosahaulika mbele ya mashine, maana pengine kompyuta inatafuta mfumo humo. Pili, kama diski ni mpya, kumbuka kwamba SSD hutoka dukani ikiwa tupu. Haina Windows, haina chochote. Lazima mfumo upandikizwe upya au unakiliwe kutoka diski ya zamani. Hilo si tatizo, ni hatua iliyobaki. Tatu, zile SSD nyembamba kama kipande cha ubani ziko za aina mbili, za SATA na za NVMe, na nafasi yenye kukubali aina moja inaweza kuipokea nyingine bila kuiona. Katika bodi nyingine, kuijaza nafasi hiyo huzima tundu moja la diski za kawaida. Hapo diski yako ya zamani hutoweka ghafla, nawe ukadhani imeungua. Ihamishie tundu jingine, utaiona.

Nimeacha kwa makusudi jambo moja hadi hapa, kwa sababu ni dawa inayoleta ugonjwa. Mafundi wengi, kompyuta ikigoma, hutoa ile betri ya duara iitwayo CR2032, ya volti 3, husubiri dakika chache na kuirudisha. Lengo ni kuifanya bayosi isahau mipangilio yake na kuanza upya. Ni njia nzuri, hasa baada ya kubadilisha ramu au prosesa. Lakini mipangilio iliyosahauliwa ni pamoja na ile inayoamua diski isomwe kwa mtindo gani. Kuna mtindo wa AHCI na wa RAID; kuna uanzishaji wa UEFI na wa zamani. Windows iliyopandikizwa chini ya mtindo mmoja inaweza kukataa kuamka chini ya mwingine, ikakuonyesha kioo cha buluu chenye maneno ya kutisha. Fundi asiyekumbuka kwamba yeye ndiye aliyeitoa betri atakwambia Windows imeharibika na diski ifanyiwe fomati. Kumbe kinachotakiwa ni kuingia katika bayosi na kurudisha mpangilio mmoja. Kwa hiyo kabla betri haijaguswa, kama mashine bado inaweza kuonyesha bayosi, piga picha za kurasa zake kwa simu. Ni kazi ya dakika mbili.

Fomati, ndugu msikilizaji, ndiyo inayonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito. Ramu ikiungua utanunua nyingine. Lakini katika diski ya nyumba moja ya mjini mna hesabu za duka, mna utafiti wa binti aliye mwaka wa mwisho chuoni, mna picha za marehemu mzee ambazo hazipo mahali pengine. Kompyuta inayogoma kuwaka baada ya kuongezewa ramu au kadi mara nyingi haijaligusa hata faili moja. Yote yamo mlemle. Anayeyafuta ni binadamu aliyekata tamaa mapema.

Lipo pia suala la kufuli. Kompyuta nyingi za Windows za miaka ya karibuni hufunga diski kwa siri kwa njia iitwayo BitLocker au ndugu yake, pengine bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha bodi kuu au mipangilio fulani ya bayosi, mashine hudhani imeibiwa, na hudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Utafute na kuuandika kwenye karatasi kabla bisibisi haijatoka kwenye sanduku. Bila huo, fundi hodari kuliko wote mjini hana la kukufanyia.

Sisemi kwamba bodi kuu hazifi. Zinakufa. Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona kikopo kidogo kimevimba kichwa, ukakuta vipini vya tundu la prosesa vimepinda, au radi ilipiga usiku uleule, basi hukumu inaweza kuwa ya kweli. Mwombe fundi aithibitishe mbele yako: aweke ramu yake anayoijua kuwa ni nzima, aweke pawa saplai yake, aondoe diski na kadi zote, abakize bodi, prosesa na kipande kimoja cha ramu. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na fundi mwaminifu haoni vibaya kuombwa. Anayekataa kuifanya, akasisitiza uiache mashine na urudi kesho na fedha, mwage kwa heshima na ubebe mashine yako.

Na kama hata baada ya jaribio hilo bodi haikuamka, mwambie akutolee diski akupe mkononi pamoja na ile ramu ya zamani. Diski hiyo huingizwa katika kasha dogo la USB, ikachomekwa kwenye kompyuta nyingine, na mafaili yakanakiliwa. Ikiwa imefungwa kwa BitLocker, ndipo ile karatasi yenye tarakimu 48 itakapohitajika.